Niko Nairobi peke yangu, wenyeji hawataki nilipe chochote. Ijumaa wamenialika mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu, nifanyeje?

Binti wa Ziwa
Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania wa Mwanza, niko Nairobi kwa mafunzo ya kazi, nimepanga chumba South B, sina ndugu wala rafiki hapa. Jumamosi nilienda Kenyatta Market kusuka, si mnajua wale dada wa pale kila mmoja anakuvuta kwake, basi nikakaa, wasusi wawili kichwa kimoja, na pembeni kuna dada anasukwa tukaanza stori za samaki, za bei ya vitenge, za kazi, kuja kumaliza vichwa jioni imeshaingia akasema huwezi kutoka hapa bila kula nyama. Wakaja rafiki zake wawili, tukala mbuzi choma hapo hapo sokoni, inakatwa kwenye ubao mbele yako na kachumbari pembeni, halafu tukaenda sehemu wanapiga zilizopendwa tukacheza mpaka usiku mkubwa. Kurudi walinifikisha mpaka getini na hawakuondoka mpaka walipoona nimeingia. Kwa kweli sijawahi kufurahi hivi ugenini.

Sasa shida yangu, sikulipa hata shilingi. Kila nikitoa pochi wanasema wewe mgeni wetu rudisha hiyo. Na Ijumaa wamenialika tena, mugithi huko Thika Road. Dada yangu nyumbani kasikia kaja juu, anasema Nairobi watu wanawekewa dawa kwenye vinywaji nisithubutu. Mimi natamani kwenda. Niende? Na nikienda nawarudishiaje ukarimu wao bila kuonekana najidai? Sitaki kuwa mtu wa kula vya watu tu.

Mkaaji wa Roysambu
Enda dada, mugithi ukiikosa hujakaa Nairobi. Ni mtu mmoja na gitaa lake, anaunganisha wimbo na wimbo bila kupumzika, mwingi ni Kikuyu na hutaelewa maneno lakini hakuna mtu atajali, wakianza kupanga laini wameshikana mabega wanazunguka meza wewe ingia tu katikati. Usifike saa mbili ukashangaa viti vitupu, inashika moto kuanzia kama saa tano hivi. Na weita akikuuliza bia moto ama baridi usishtuke, huku kuna watu wengi hawagusi ya friji.

Tahadhari Kwanza
Mimi nasema usiende. Watu umewajua siku moja, wanakulipia kila kitu, hujiulizi kwa nini? Nimekaa huu mji miaka mingi na najua visa vya wageni kuamka asubuhi hawana simu hawana pesa. Dada yako ana haki kuogopa.

Mama wa Donholm
Tahadhari, hofu yako naielewa, lakini watu wa mchele, hao wanaotia dawa kwenye vinywaji, hawakupeleki mpaka getini kwako wakangoja uingie. Hao ni wamama wa kawaida wamependa mgeni. Sisi tukikualika mara ya kwanza hatutaki pesa yako, ukilazimisha unatuvunjia heshima mbele ya watu. Lakini mara ya pili ni tofauti, hapo mtu mwenye adabu anaingia kwa raundi na wenyewe watafurahi hata wakipiga kelele kidogo.

Binti, fanya hivi. Usingoje bili ije mezani maana hapo mtavutana mpaka weita achoke. Wakienda kuchagua nyama kwa buchari inuka uende nao, ikishapimwa wewe toa pesa kabla hawajafungua mikoba. Nyama ikiwa yako, vinywaji waache walipe raundi ya kwanza, ya pili mwite weita pembeni umwambie hii ni yangu. Na kama ulikuja na kanga ama kitenge cha Tanzania mpe yule wa kwanza, hiyo atakumbuka kuliko bia kumi.

Dereva wa Usiku
Mimi nabeba watu usiku kwa teksi za programu, nimeona mengi. Huo mchele uko kweli na hauchagui mwanaume wala mwanamke, kwa hivyo ogopa kinywaji usiogope watu wote wa Nairobi. Chupa ifunguliwe mbele yako. Ukienda choo na ukaacha nusu, hiyo nusu imeisha, agiza ingine, hata kama uliiacha na rafiki maana yeye pia anaangalia stage. Kitu kutoka kwa meza ya watu hamjui, kataa kwa heshima.

Kutoka, itisha gari ukiwa ndani, usisimame barabarani na simu mkononi, linganisha namba ya gari na ile iko kwa simu ndio uingie. Bodaboda usiku huo achana nayo. Na mtumie huyo dada yako wa Mwanza safari yako aione ikisonga, atalala.

Mbongo Kilimani
Dada yangu karibu. La haraka tu, sajili laini ya hapa kwa pasipoti yako ufungue na M-Pesa, huku karibu kila sehemu unalipa kwa tili namba, yaani lipa namba ya kwetu, na huhitaji kutembea na manoti. Pasipoti yenyewe iache chumbani, beba nakala. Na koti! Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ukitoka ukumbini na jasho utajuta.

Mzee wa Rhumba
Binti yangu, siku nyingine waombe wakupeleke rhumba, hapo maneno utayaelewa yote. Starehe ya mji huu ina mkono wa Watanzania ndani yake. Akina Kinyonga, wale ndugu wanamuziki, walitoka Tanga, wakaunda bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971, na 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga wakaanzisha Les Wanyika hapa hapa Nairobi. Sisi tulicheza na wake zetu kwa Kiswahili chao, wao wakiwa wageni kama wewe. Kwa hivyo usione kama unakula vya watu.

Binti wa Ziwa
Mzee wangu shikamoo, umenigusa sana, hilo sikulijua. Tahadhari nimekusikia pia, nimempa dada majina yao na namba zao zote. Nimempigia mwenyeji wangu nikamwambia Ijumaa nyama ni yangu, akakataa, nikamwambia basi siji, akacheka weee akakubali! Kanga ninayo moja sijaifungua. Mama wa Donholm, kwa buchari nalipa pale pale au mpaka iive? Na watu wanne tuchukue kilo ngapi?

Mama wa Donholm
Ikishapimwa wengi wanataka pesa pale pale. Chukua mbili, mbuzi ana mfupa mwingi. Ugali agiza mapema, na mwambie mchomaji asikaushe nyama sana.