Minmi wa kwenye mchezo na Minmi wa Australia: mwanangu amchore vipi?

Mama wa Buruburu

Hamjambo nyote. Mwanangu wa darasa la tano anaupenda sana mchezo wa Jurassic World Evolution 2, ambamo mchezaji hujenga hifadhi, huweka nyua na kupanda mimea ya kulisha wanyama. Kati ya madinosauri wote, amemchagua Minmi, yule mdogo mwenye deraya, na sasa anamtengeneza kwa kadibodi ili ampeleke shuleni. Mgongoni amebandika maharagwe makavu kwa gundi, safu kwa safu, na mkiani ameweka rungu kama la Ankylosaurus, dinosauri mwingine mwenye deraya. Mimi nilidhani deraya ile ilikuwa magamba kama ya kakakuona, naye akanikatalia. Ningependa kujua ni nani kati yetu aliye sahihi, mnyama huyu alikula nini hasa, na kama lile rungu ni lake.

Mwalimu wa Sayansi, Kasarani

Mama, kuhusu deraya mtoto yuko sahihi. Gamba la kakakuona ni la dutu ileile ya kucha zetu, ilhali deraya ya Minmi ilikuwa vipande vya mfupa vilivyoota ndani ya ngozi, kama vilivyo mgongoni mwa mamba. Minmi alikuwa navyo hata tumboni, na kwa hiyo yale maharagwe yanastahili kuendelea hadi chini.

Mabaki yake yalipatikana mwaka 1964 karibu na mji wa Roma, katika jimbo la Queensland, Australia, na mwaka 1980 Ralph Molnar, mtaalamu wa mabaki ya wanyama wa kale, akampa jina la Minmi paravertebra. Sehemu ya pili ya jina inatokana na vijiti vya mfupa vilivyolala kando ya pingili za uti wa mgongo, ambavyo huelezwa kuwa kano zilizogeuka mfupa. Urefu wake hukadiriwa kuwa mita 3 hivi, yaani angeenea sebuleni mwenu, ingawa kwa shida.

Msomaji wa Visukuku, Ngara

Naomba niongeze jambo ambalo naliona zito kuliko yote, kwa sababu watu wengi hulipita. Mabaki yale ya 1964 yalikuwa pingili za mgongo, mbavu, sehemu ya mguu wa nyuma na deraya ya tumbo. Hayakuwa na kichwa wala mkia. Mwaka 1989 kiunzi kingine, kilichokuwa karibu kamili na chenye fuvu zuri, kilipatikana karibu na Richmond, hukohuko Queensland, na kwa miaka mingi kikahesabiwa kuwa cha Minmi. Wachoraji wakamchora Minmi kwa kukitazama hicho. Kisha mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba ni mnyama tofauti, wakamwita Kunbarrasaurus. Uso wowote wa Minmi tunaouona, uwe wa mchezoni au wa kitabuni, umeazimwa kwa jamaa zake.

Hata chakula chake kimeazimwa. Ni ndani ya tumbo la Kunbarrasaurus ndimo yalimokutwa mabaki ya mlo: vipande vya mimea vilivyokatwakatwa vidogo sana, pamoja na mbegu na matunda. Mnyama aliyetembea chini hivyo alikula mimea ya chini, na hapo sina shaka kwamba Minmi hakutofautiana naye sana.

Kuhusu mkia, ningemwambia kijana aliondoe rungu. Minmi aliongezwa mchezoni Desemba 2021, na mwezi huohuo wataalamu wakamtangaza Stegouros wa Chile, mwenye deraya pia, ambaye mkia wake uliishia kwa vibapa vya mfupa vilivyoungana kama jani pana lenye meno. Kunbarrasaurus, yule jamaa wa Minmi, aliwekwa katika kundi la Stegouros. Rungu la duara ni la Ankylosaurus na jamaa zake wa karibu.

Mama wa Buruburu

Asanteni sana, mwalimu na ndugu yangu wa Ngara. Nimemsomea mwanangu yote, akakaa kimya kidogo, kisha akalichomoa rungu na kuomba maharagwe mengine ya tumboni. Kichwa amekataa kukibandika chochote: amekichora kwa penseli tu, na pembeni ameandika, "Hiki bado hakijapatikana."