Tupeane uzoefu: miti ya kujitengenezea kwenye reli ya modeli

Mzee wa Makutano
Habari zenu wadau. Vichwa na mabehewa tumeshayajadili mpaka basi, ila miti hakuna anayeigusa, na ndiyo inayoharibu kazi. Unamkuta mtu kaunda Garratt la daraja la 59, lile treni kubwa la mvuke, likakaa barabara, ardhi kaipaka wekundu wa Tsavo, halafu pembeni kapanda miti ya dukani, mviringo, kijani cha chupa. Maduka ya Ulaya yanauza misonobari na mialoni. Mgunga, mbuyu na mnazi utajitengenezea. Mwenye uzoefu aseme katumia nini na kafungaje.

Naanza na mgunga. Natumia skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi, na reli zenye nafasi ya milimita 12 kati yake, kwa sababu reli yetu ya zamani ina upana wa meta moja, na meta moja ukiigawa kwa 87 inakuja milimita 11 na nusu. Mgunga wa meta 12 hapo ni sentimita 14 hivi. Pimeni kabla ya kukata waya. Wengi wanatengeneza vichaka wakidhani ni miti.

Chukua waya wa umeme wenye nyuzi nyingi, umenye. Sokota nyuzi zote pamoja upate shina. Ukifika theluthi ya kimo, gawa mafungu mawili matatu, kila fungu lisokotwe likielekea nje kwa mshazari, ligawe tena, hadi zibaki nyuzi moja moja. Ncha zote zikate usawa mmoja juu. Shina lipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na unga laini wa mbao, likikauka rudia, kisha rangi ya kijivu. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa na maji kwenye blenda, ikatiwa rangi, ikaanikwa. Nyunyizia juu ya vitawi tu! Chini ya kichwa pabaki wazi, mtu aone upande wa pili. Ukijaza majani hadi chini umepata mwembe.

Kijana wa Voi
Blenda ya jikoni, mzee?

Mzee wa Makutano
Nunua ya mtumba. Ya jikoni ukiigusa utalala sebuleni.

Kijana wa Voi
Sawa mzee. Basi mimi niongee mibuyu, ndiyo nimezaliwa nayo. Kwa anayeanza ndio mti rahisi kuliko yote, maana miezi mingi ya mwaka hauna jani hata moja, kazi ya majani umeiruka. Tatizo watu wanaogopa unene. Mbuyu wenye shina pana meta saba ni sentimita nane kwa 1:87, karibu upana wa kiganja, na lazima ukubali hivyo hivyo. Mimi nakunja boksi kuwa bomba, nalizungushia tishu iliyolowa gundi na maji, na tishu ikiwa bado mbichi naibana kwa vidole ipate mikunjo. Matawi ni waya, mafupi na manene, yanapungua ghafla kwenye ncha.

Rangi ni kijivu, juu yake unapitisha brashi kavu yenye waridi kidogo sana. Na kama reli yako inapita Tsavo, usiache shina safi. Ndovu wanachubua gome kwa pembe. Kwaruza shina kwa kisu hadi kimo cha ndovu, hapo paka kahawia iliyopauka.

Bi Mkonge
Mimi ni wa Tanga, reli yangu ni ya Moshi miaka ya hamsini. Mnazi natumia manyoya ya kuku: yakate kwa mkasi yabaki membamba kama kuti, ncha iinamishe, panga kumi na mawili au zaidi juu ya waya uliofungwa uzi wa kahawia. Usiusimamishe wima kama nguzo ya simu, mnazi unainama.

Mkonge wenyewe ni karatasi ngumu iliyokatwa meno marefu na kuviringishwa kwenye pini, kimo milimita 17 basi. Michache ipe mlingoti wa maua wa sentimita sita. Mistari iwe imenyooka, lile ni shamba.

Mswahili wa Hamburg
Dada hapo juu amenikumbusha. Wazee wa klabu yetu huku Ujerumani wananunua kamba ya katani kwa ajili ya misonobari! Unakata nyuzi sentimita tano, unazitandaza katikati ya waya mbili, ncha moja kwenye jiriwa, nyingine kwenye drili, unazungusha polepole hadi nyuzi zisimame pande zote. Kisha mkasi, juu pembamba chini papana, rangi ya kupuliza, spreyi ya nywele, vumbi la sponji. Anayejenga Timboroa na mashamba yake ya miti, hii ndiyo njia.

Rangi za huko juu nimezipenda, lakini ongezeni nyeupe kidogo. Taa ya chumba si jua. Kijani ulichokilinganisha na jani halisi kitaonekana cheusi mezani.

Kijana wa Voi
Hapo sikubaliani, baada ya mvua Tsavo inakuwa kijani kikali kabisa.

Mswahili wa Hamburg
Kikali ni sawa, cheusi hapana.

Fundi Mdogo
Majani ya chai yaliyotumika yanafaa chini ya miti kama majani makavu. Yaanike juani hadi yavunjike vidoleni, yakibaki na unyevu yanaota ukungu chini ya gundi. Swali: nina meza ndefu, miti mizuri namna hiyo nitamaliza lini?

Mzee wa Makutano
Huhitaji yote iwe mizuri. Ya waya iweke mbele na kwenye stesheni, jicho linapotua. Nyuma bandika mafundo ya dodoki yaliyopakwa rangi, bila shina, na yawe madogo kuliko ya mbele ili uwanda uonekane unaenda mbali.