Kilele kipi cha Zion kwa asiyetumia kamba: Angels Landing, Northgate ya mashariki au Mount Kinesava?

Msafiri wa Bonde: Ndugu wanajukwaa, mwezi Oktoba natarajia kufika Hifadhi ya Taifa ya Zion, katika jimbo la Utah, Marekani, nikiwa na mdogo wangu. Tumezoea milima lakini hatuna ujuzi wa kamba, na tunatafuta kilele kimoja ambacho mikono itafanya kazi sawa na miguu. Mngechagua kipi kati ya hivi vitatu?

Jabali Jekundu: Kwa anayefika mara ya kwanza ningechagua Angels Landing, kwa kuwa njia yake haimpotezi mtu. Unaanzia kituo cha basi cha Grotto, unapita Walter's Wiggles, yaani kona 21 kali za njia zilizojengwa mwaka 1926, unafika Scout Lookout, mahali pa kutazamia bonde, na kutoka hapo unashika minyororo juu ya ukingo mwembamba hadi kileleni, mita 1,765 kutoka usawa wa bahari. Tangu tarehe 1 Aprili 2022 sehemu hiyo ya minyororo inahitaji kibali kinachotolewa kwa bahati nasibu, ama ya msimu ama ya siku moja kabla. Mkikosa, mnaweza kuishia Scout Lookout bila kibali.

Mama Upepo: Ndugu Jabali Jekundu, kuhusu njia nakubaliana nawe, ila mnyororo hauondoi ugumu. Nilipopanda, kilichonitisha zaidi ya kina cha korongo ni watu, kwa maana wanaopanda na wanaoshuka hushika mnyororo uleule, na mara kadhaa nilisimama ukingoni mwa genge nikisubiri kupishwa. Northgate ni tulivu. Njia ya kutoka Wildcat Canyon hupita kwenye misonobari bila mpando mkali, nanyi mnaiacha karibu na mwisho wake ili kupanda mgongo wa jabali, pasipo mnyororo, kila mtu akichagua mwenyewe pa kuweka mguu. Kutoka hapo kilele jirani cha North Guardian Angel huonekana karibu sana. Msivutwe nayo, kwa sababu ina sehemu zilizo wazi ambazo wengi huzipanda kwa kamba.

Mzee Nyayo: Kinesava ningeiacha kwa safari hii. Ni mpando mrefu wenye mawe yaliyolegea, na kuna hatua fupi ambazo kuzipanda ni rahisi kuliko kuzishuka. Popote mtakapokwenda, kila hatua inayowatia shaka ijaribuni kuishuka mara tu mkiisha kuipanda, mkiwa bado karibu na chini yake. Ikiwashinda, geukeni papo hapo. Jambo jingine ni mvua. Mawe ya mchanga ya Zion hudhoofika yakilowa, na kishikio kilichobeba uzito wako jana kinaweza kung'oka leo hata kama uso wake umekwisha kukauka, kwa hiyo ongezeni siku moja au mbili za kungoja katika ratiba yenu.

Msafiri wa Bonde: Asante, Mzee, nanyi nyote. Tutakwenda Northgate, na siku mbili za akiba nimeziweka. Je, barabara ya Kolob Terrace, inayofika mwanzo wa njia hiyo, itakuwa wazi?

Mama Upepo: Huzibwa na theluji wakati wa baridi, mwezi Oktoba kwa kawaida hupitika, lakini someni taarifa ya hifadhi asubuhi ya siku hiyo. Bebeni maji yenu yote, walau lita 3 kila mmoja, na kabla ya kuiacha njia geukeni mtazame mlikotoka, kwani wakati wa kurudi misonobari yote hufanana.