Mjadala: Krismasi ni Saturnalia iliyobadilishwa jina? Mimi nakataa

Mleta mada
Wakuu, kila ikiingia Desemba lazima ile meseji izunguke kwenye magrupu, kwamba Krismasi ni Saturnalia ya Warumi, mapapa walibadilisha jina tu na wakristo wanasherehekea miungu bila kujua. Mwaka huu nimetumiwa mara tatu, ya tatu kanitumia shangazi yangu mwenyewe ambaye ndiye anapika pilau la tarehe 25 kila mwaka. Nimeona nilete hapa tujadili bila matusi. Mimi nasema wengi wanaosambaza hiyo kitu hata Saturnalia yenyewe hawaijui. Ilikuwa sikukuu ya mungu Saturnus na ilianza 17 Desemba, Kaisari Augustus aliruhusu mahakama zifungwe siku tatu tu lakini raia wakawa wanajiongezea wenyewe mpaka zikafika saba, sasa hesabu kuanzia 17 uone unaishia wapi. Unaishia 23. Tarehe 25 ngoma imeshakwisha, watu wana hangover.

kahawa_chungu
Mkuu umeanza vizuri ila umelikwepa jua. Wenye kujua hawasemi Saturnalia, wanasema Sol Invictus, jua lisiloshindwa. Kaisari Aurelian alimjengea huyo mungu hekalu Roma mwaka 274, na kipo kitabu cha kalenda cha mwaka 354 kilichoandikwa Roma, kwenye 25 Desemba kimeandika kuzaliwa kwa Asiyeshindwa na mashindano 30 ya magari ya farasi. Hiyo haikutoka YouTube, ni maandishi ya wakati huo huo.

MamaWawili
Kaka kahawa, hicho hicho kitabu cha 354 mbona umesoma ukurasa mmoja? Mbele kidogo kina orodha ya wafia dini na juu kabisa kimeandika tarehe hiyo hiyo Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Yaani sikukuu zote mbili tunazikuta kwa mara ya kwanza ndani ya kitabu kimoja, sasa nani kamkopi nani? Kwa Aurelian kuna hekalu, sawa, ila tarehe ya 25 kwa ajili ya jua inaonekana kwanza hapo kwenye 354, miaka 80 mbele.

Alafu wakristo wa zamani walikuwa na hesabu yao. Waliamini Yesu alitungwa mimba siku ile ile aliyokuja kufa, 25 Machi, askofu Augustino anaandika hivyo waziwazi. Ongeza miezi tisa. Na kabla ya hapo hata hawakukubaliana, mwalimu wa kanisa Klementi wa Alexandria karibu mwaka 200 anasema kuna watu wanaotaja siku inayoangukia 20 Mei, na Waarmenia mpaka leo wanaadhimisha tarehe 6 Januari.

kahawa_chungu
Dada hesabu ya Machi naijua, ila hainipi jibu kwa nini Papa Leo kwenye karne ya tano alikuwa anawagombeza waumini wake wanaopanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro wakifika juu wanageuka kuliinamia jua. Watu walikuwa wanachanganya, tukubali.

MamaWawili
Kuchanganya nakubali. Ila hao Papa anawagombeza, hajawafuata wao kupanga tarehe.

mtu_wa_shamba
Nyie pigianeni hesabu, mimi tarehe hainisumbui. Naangalia mambo yenyewe. Kwenye Saturnalia watu wanapeana zawadi, wanakula mpaka wanaumwa, wanakunywa, wanacheza dadu hadharani wakati mwaka mzima kamari ilikuwa marufuku, wanavua toga, lile vazi lao rasmi, wanavaa nguo za kujiachia, wanaitana barabarani "Io Saturnalia!" Mwanafalsafa wa Roma Seneca analalamika kwenye barua yake kwamba zamani Desemba ilikuwa mwezi, siku hizi imekuwa mwaka. Miaka 2000 iliyopita! Ukimsikia ungedhani anaongelea maduka ya hapa mjini yanayopiga nyimbo za Krismasi toka Oktoba. Na mwandishi wa kikristo Tertulliano wa Karthago, hapo Tunisia ya leo, anawasema wakristo wenzake kwamba zawadi za Saturnalia zinaingia na kutoka majumbani mwao kama kawaida. Kwahiyo damu ya Saturnalia imo, hata kama tarehe sio.

Kuhusu zawadi nendeni kwa Martialis, yule mshairi wa Roma mwenye mdomo mchafu. Ana kitabu kizima cha vishairi vya mistari miwili miwili vya kuambatanisha na zawadi za Saturnalia, moja ya tajiri moja ya maskini. Ila shairi ninalolipenda ni la jamaa mmoja anaitwa Umber ambaye alikusanya zawadi zote alizopewa yeye kwa siku tano akazihamishia kwa Martialis. Vibao vya kuandikia 12, vijiti vya meno saba, sponji, kitambaa cha mezani, kikombe, maharage, kikapu cha zeituni, chupa ya shira nyeusi ya zabibu, plamu, tini. Mzigo mzima ukabebwa na Wasiria wanane wenye miili, na Martialis anasema vyote vikipigwa hesabu havifiki sarafu 30, si bora angenitumia ratili tano za fedha zikaletwa na mtoto mmoja bila jasho. Hahaha. Kila ukoo una Umber wake.

Mleta mada
Mtu wa shamba umenichekesha ila kula na zawadi sio hati miliki ya Warumi bana. Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa watu wanachapana na migomba asubuhi kisha wanakula pamoja, nayo ni Saturnalia? Binadamu akipata sikukuu anakula.

Kilichoifanya Saturnalia iwe Saturnalia ni jambo lingine kabisa na ndio maana nimeanzisha uzi huu, ni watumwa. Siku hizo mtumwa anakaa mezani, nyumba nyingine bwana mwenyewe ndiye anamuandalia, watu wanavaa kofia ile ya aliyeachwa huru. Sanamu ya Saturnus hekaluni ilikuwa imefungwa miguu kwa kamba ya sufi mwaka mzima, siku ya sikukuu inafunguliwa. Na mtumwa anaruhusiwa kuongea. Mshairi wa Roma Horatius ana shairi, mtumwa wake Davus anasogea anaogopa kusema, bwana anamwambia haya, tumia uhuru wa Desemba, wazee wetu ndivyo walivyotaka, sema. Davus akafungua mdomo. Wewe ukiwa Roma unalilia shamba, ukiwa shamba unasifia mji. Ukikosa mwaliko wa chakula unajisifu umetulia, yule tajiri mfadhili wako Maecenas akikuita usiku usiku unapiga kelele mafuta ya taa yako wapi. Unaniita mimi mtumwa na wewe una mabwana wangapi?

Sasa niambieni hiyo sehemu iko wapi kwenye Krismasi ya leo. Haipo. Tumebaki na vijiti vya meno.

kahawa_chungu
Mbona hujamalizia shairi mkuu. Horatius anakasirika, anauliza jiwe liko wapi, mishale iko wapi, anamwambia usipotoka hapa sasa hivi nakupeleka shambani Sabina ukawe wa tisa. Shambani kulikuwa na watumwa wanane tayari. Uhuru wa Desemba umekwisha kabla hata shairi halijaisha! Hiyo sikukuu unayoililia ilikuwa ya kupunguza mvuke kwenye sufuria ili lisifumuke, basi.

Mleta mada
Nimelisoma lote. Na usisahau anayeandika ni mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, baba yake Horatius aliachwa huru na mwenyewe anasema bila aibu. Yeye ndiye kamuwekea Davus maneno yote yale, na yeye ndiye kajichora akitafuta jiwe. Mtu anayetaka kuificha hiyo hasira angeishia mahali pazuri.

MamaWawili
Hapo nakuunga mkono nusu. Plinius mdogo naye, mwandishi wa Roma, kwenye nyumba yake ya pwani Laurentum, anasifia chumba chake cha mbali ambako Saturnalia ikipamba moto anajifungia, yeye asiwaharibie watumwa wake furaha na wao wasimharibie kusoma. Ni mwungwana, ila hakai nao mezani. Wanaokaa nao kweli sijui kama walikuwa wengi.

mtu_wa_shamba
Mimi nilikuwa nacheka na Umber hapo juu, sasa nimerudi kusoma tena. Wale Wasiria wanane.

kahawa_chungu
Wamefanyaje?

mtu_wa_shamba
Ni watumwa mkuu. Martialis anacheka bei ya zawadi, kuhusu wao anasema ni warefu tu. Na hiyo ndio wiki yao ya kukaa mezani.