Watoto wa Midwich: wauawe mapema au walelewe?

Wapenzi wa tamthilia, hili tulijadili kwa hoja, maana naona wengi wanalipitia juu juu.

Kwa asiyeijua The Midwich Cuckoos, tamthilia ya Uingereza ya mwaka 2022 yenye vipindi saba: mji mdogo unazimika ghafla, watu wanaanguka walipo. Wanapozinduka, kila mwanamke wa umri wa kuzaa ni mjamzito. Watoto wanaozaliwa wanakua haraka mno, anachojifunza mmoja wanakijua wote, na wanaweza kumtawala mtu mzima akili mpaka ajidhuru mwenyewe.

Watazamaji wengine wanalalamika kuwa inajikokota na watoto hawatishi kama wale wa filamu ya 1960 ya hadithi hii hii, wenye nywele nyeupe na macho yanayowaka. Mimi napinga kabisa. Mtoto mwenye macho ya taa humpi hata nafasi moyoni, umeshamhukumu. Anayetisha ni yule unayemwogesha na kumlaza, huku hujui nani anakutazama kupitia macho yake.

Wengine wamechukia kwamba mhusika mkuu, Zellaby, amegeuzwa mwanamke, mtaalamu wa saikolojia, akiigizwa na Keeley Hawes. Katika riwaya ya John Wyndham ya 1957, iliyozaa tamthilia hii, Zellaby ni mzee msomi, na habari nzima ya uzazi inajadiliwa zaidi na wanaume. Mimba ni za wanawake, wasemaji ni wanaume! Mabadiliko hayo yalikuwa yamechelewa.

Ila ugomvi wenyewe uko kwenye hoja ya wale wanaosema serikali ingewamaliza watoto hao wakiwa bado wachanga. Wyndham mwenyewe aliiweka hoja hiyo mezani: katika riwaya, Wasovieti wanakilipua kwa mzinga wa nyuklia kijiji chao chenye watoto wa aina hiyo, pamoja na wazazi na majirani, bila kuwaonya, kwa sababu kumwonya mzazi ni kumwonya mtoto. Wanaoshangilia suluhisho hilo wamewasahau wanakijiji wasio na kosa lolote.

Nakiri hoja yao ina uzito. Katika riwaya hiyo hiyo, dereva anamgonga mmoja wa watoto kwa bahati mbaya, nao wanamlazimisha aliendeshe gari ukutani mpaka afe. Hicho si kisasi cha mtoto aliyekasirika, ni hukumu ya kifo, na nguvu zao zinaongezeka kila siku. Anayesubiri anaweza kukosa nafasi ya pili.

Hata hivyo siwezi kumuunga mkono mtu anayemuua mtoto kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Na mama aliyembeba miezi yote hiyo, hata kama mimba hakuitaka, ana haki ya kusikilizwa kabla ya jeshi.

Mnaosema wangemalizwa mapema, nijibuni hili: mngewamaliza siku gani, na mama zao mngewaambia nini asubuhi yake?