Naomba ushauri: supahiro wangu wa kijiji cha Bihar haaminiki

Kalamu Kavu
Wakuu, naandika katuni ya sehemu 6, kurasa 22 kila moja. Inatokea kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, India, kaskazini ya mto Ganga. Kijana anapigwa na radi, anapata uwezo wa kuruka, anavaa joho na barakoa, anapambana na tajiri mkopesha pesa. Waliosoma rasimu wanasema ukibadilisha majina tu, hadithi inahamia popote. Nirekebishe wapi?

Mzee wa Majaruba
Mkuu, hadithi yako ni ya mwezi gani? Hujasema, ndiyo maana inaelea. Bihar mpunga unasubiri monsuni, ambayo kwa kawaida hufika katikati ya Juni. Ngano hupandwa Novemba na kuvunwa Machi hadi Aprili.

Weka Juni, mvua imechelewa. Miche iko kitaluni na inafaa kupandikizwa ikiwa na siku 20 hadi 30; ikikomaa zaidi inatoa machipukizi machache na mavuno yanashuka. Hapo muda unakimbia wenyewe, huhitaji bomu. Watu wanageukia pampu za dizeli. Sasa, pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini zaidi ya meta 7 au 8, kwa kuwa kinachoyapandisha ni mgandamizo wa hewa ya nje, injini inaondoa tu hewa bombani. Maji yakishuka kiangazi, injini inanguruma na bomba ni kavu. Dawa yao ni kuchimba shimo na kuishusha pampu humo. Shimo likijaa moshi, aliyeshuka kuwasha injini anazimia. Uokoaji huo hapo, wala hakuna haja ya kuruka.

Kalamu Kavu
Nimekupata. Na adui?

Mzee wa Majaruba
Mkopesha pesa amechakaa. Mkulima mdogo asiye na pampu hununua maji kwa saa kutoka kwa jirani mwenye nayo. Muuza maji huyo si jambazi, dizeli anainunua kwa pesa yake. Mpe shujaa uwezo wa kusikia maji chini ya ardhi akiwa pekupeku. Kishindo cha injini kinamziba masikio, kwa hiyo adui akitaka kumshinda anaacha pampu ikinguruma usiku kucha. Bunduki ya nini?

Mama Pindo
Nami nina neno kuhusu joho na barakoa. Kijijini mtu hujulikana kwa mwendo, kwa kikohozi, hata kwa mlio wa baiskeli yake. Barakoa haimfichi kijana wa hapo.

Mfanye shujaa mke mgeni. Kaskazini ya India msichana kwa kawaida huolewa kijiji kingine. Kwao hafuniki uso, ila ukweni hushusha pindo la sari mbele ya baba mkwe na wanaume waliomzidi mumewe umri (siku hizi si kila nyumba). Wazee wa kijiji hawajawahi kuiona sura yake! Hata jina hawamwiti. Huitwa kwa kijiji alikotoka, tuseme Rampur-wali. Barakoa unayo, jina la kishujaa unalo.

Kitakachomponza ni miguu: vikuku vinalia, pete za vidoleni zinaonekana. Avifunge kwa kitambaa kabla ya kutoka. Wanawake wanaokutana naye wakichota maji kwenye bomba la mkono watamjua siku ya kwanza tu, na hapo ndipo penye hadithi: siri wanaitunza wao, wanaume ndio wanaotafuta.

Kibatari
Rasimu yako ikiwa na "sarpanch" kama mkuu wa kijiji, futa. Bihar kiongozi wa halmashauri ya kijiji ni mukhiya. Sarpanch anasimamia gram kachahari, baraza la usuluhishi. Tangu 2006 nusu ya viti vimetengewa wanawake, na wapo waume wanaotawala kwa jina la mke, huitwa mukhiya-pati. Muuza maji wako angenoga akiwa mmoja wao.

Kalamu Kavu
Radi naifuta. Bomba la mkono nalichora katikati ya kijiji, sawa?

Mama Pindo
Subiri. Kijiji kimegawanyika mitaa iitwayo tola, mara nyingi kwa tabaka la kuzaliwa, na Wadalit (wanaobaguliwa kama najisi, chini ya matabaka yote) wengi wako pembezoni. Amua kwanza bomba liko tola ya nani, halafu nani haruhusiwi kuligusa. Ukishajua, chora.