Naomba ushauri: mdogo wangu alikaa seli siku tatu bila kufikishwa kortini

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu, mwendesha bodaboda hapa Kondele, Kisumu, alikamatwa Jumatatu jioni, akaachiliwa Alhamisi bila kushtakiwa. Alirudi viatu havina kamba, mikono imevimba palipobana pingu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na korti zilikuwa wazi wiki hiyo yote. Inaniuma sana. Nimerudi kituoni mara mbili kuomba nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), naambiwa "njoo kesho". Barua ya daktari ninayo. Je, IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi) watapokea malalamiko yetu bila nambari hiyo? Na tunaweza kuomba maafisa hao wafunzwe upya, ama IPOA hushughulikia adhabu tu?